Gemu ya kufuga kuku ukiwa peke yako: anza na yale masaa ambayo mchezaji hayupo

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Nina laptopi ya RAM 8, nimejifunza Godot (programu ya kutengenezea gemu) kwa video za YouTube, nataka kutengeneza gemu ya simu ya kufuga wanyama, kama Pou ila ya kibongo. Iwe na kuku, mbuzi, paka, sungura na bata, unawalisha, unawaogesha, unawavalisha nguo, kuna vijigemu vya ndani na watu wanachati. Niko peke yangu. Nianzie wapi, mnyama afe au asife, na hela inaingiaje?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikupunguzie mzigo: baki na kuku peke yake, mbuzi na paka na sungura na bata waache wapumzike, na hiyo habari ya kuchati ifute hata kwenye daftari. Chati inataka seva inayolipiwa kila mwezi, inataka mtu wa kufuta matusi usiku wa manane, na gemu ya kufuga lazima itachezwa na watoto hata kama hujawalenga, sa we peke yako unaanzaje kuwalinda watoto wa watu wasiongee na mijitu ya ajabu. Na wanyama watano ni animesheni mara tano, sauti mara tano, bagi mara tano, wakati mchezaji mwenyewe ataishia kumpenda mmoja tu.

Ila nimekuambia kuku kwa sababu kubwa zaidi ya hiyo. Wengi wanaoanza gemu za kufuga wanakimbilia batani ya kulisha, batani ya kuogesha, duka la nguo, wakati gemu yenyewe ipo kwenye yale masaa ambayo mchezaji kafunga simu. Hebu piga hesabu, mtu atafungua gemu yako dakika mbili asubuhi, dakika tatu jioni labda akiwa kwenye daladala, siku nzima iliyobaki mnyama yuko peke yake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni hili, mnyama alikuwa anafanya nini wakati mimi sipo, na nikirudi nakuta nini? Ukilijibu vizuri hizo batani zitajipanga zenyewe. Usipolijibu utabaki na katuni inayokula.

Tazama waliotangulia uone kila mmoja alivyolijibu. Tamagotchi ya Bandai ilitoka Japani Novemba 1996, kiyai cha plastiki chenye vitufe vitatu, na lile toleo la kwanza halikuwa na huruma hata kidogo, muda unaenda tu upo haupo, ukikisahau kutwa unarudi kishakufa, ndo maana watoto wakawa wanaingia nacho darasani mpaka shule zikaanza kupiga marufuku. Kikifa toleo la Japani linakuonyesha mzimu na kaburi, toleo la Marekani wakaona kali sana wakaweka malaika. Pale kutokuwepo ni kosa, unaadhibiwa. Ilifanya kazi wakati ule kwa sababu kile kidude kilikuwa hakina kazi nyingine, unakining'iniza kwenye funguo unakiangalia chenyewe tu. Simu ya leo ina WhatsApp, ina TikTok, ina mpira. Ukimwadhibu mtu wa leo kwa kutokuwepo hajirekebishi ng'o, anafuta gemu.

Pou yenyewe unayoitaja ilitoka 2012, kaitengeneza Mlebanoni mmoja anaitwa Paul Salameh, kwa hiyo hilo la kuwa peke yako lisikutishe. Yeye swali la "nikirudi nafanya nini" alilijibu kwa vijigemu: unarudi, unacheza upate sarafu, unamnunulia Pou chakula na nguo. Ni jibu zuri lakini ni ghali, kila kijigemu ni gemu kamili inayotaka kupimwa na kusawazishwa, ukiniuliza mi nakuambia usimwige hapo.

Wa kumsoma kwa makini ni Neko Atsume, wameitoa Hit-Point wa Japani mwaka 2014. Unaweka chakula na midoli uani, unafunga simu, unaenda zako. Ukirudi unakuta paka wamekuja, au wamekuja na wameshaondoka wakakuachia samaki kama malipo, samaki hao ndo hela ya kununulia midoli mingine. Basi, gemu nzima ndo hiyo. Ilikuwa kwa Kijapani kitupu karibu mwaka mzima wa mwanzo na bado watu wa nje waliicheza bila kusoma hata neno moja. Wale jamaa kutokuwepo kwako wamekugeuza ndo sehemu tamu, maana kila ukifunga simu unaacha kitu kinaendelea.

Sa rudi kwa kuku. Kuku wa kienyeji tayari anaishi hivyohivyo, huna haja ya kubuni kitu. Unamfungulia asubuhi, anaenda zake kuchakura, mchana humwoni, jioni anarudi mwenyewe bandani. Hakuna mtu anayeshinda na kuku mkononi. Mchezaji akienda kazini, kuku naye kaenda mizungukoni, kila mtu ana shughuli zake, hakuna wa kumwonea mwenzie huruma. Mbwa au paka wa ndani ukimwacha peke yake unajisikia vibaya, kuku ukimwacha peke yake ndo kuku. Na saa inakusaidia, huku kwetu jua linatoka kwenye saa kumi na mbili hivi na kuzama kwenye saa kumi na mbili nyingine karibu mwaka mzima, huhitaji hesabu za misimu, fuata saa ya simu tu, usiku giza, mchana mwanga. Na hiyo saa iandike ya kwetu bwana, asubuhi ya kwanza ni saa moja sio saba, gemu zote alizowahi kucheza huyo mtu zimemwandikia ya wazungu.

Jioni akirudi, hapo ndo weka nguvu zako zote. Usimletee mchezaji ripoti ya maandishi, mwonyeshe kuku. Ana tope miguuni, basi kulinyesha huko. Anajikongoja kwa shibe, basi kakutana na kumbikumbi. Manyoya ya mkia yamepungua, mbwa wa jirani huyo. Kaja na kifaranga ambaye sio wake. Mchezaji anamwangalia anaanza kubuni stori mwenyewe, na stori anayobuni yeye itakuwa nzuri kuliko yoyote utakayomwandikia. Haya matukio usiyaandike ndani ya programu, yaweke kwenye jedwali, faili moja tu, kila mstari una masharti yake (saa ngapi, mvua ipo au haipo, kuku ana umri gani, mazoea yamefika wapi), una matokeo yake madogo, na una alama moja inayoonekana kwenye mwili wa kuku au pale uani. Anza na matukio thelathini hivi. Ukitaka kuongeza mengine baadaye unaongeza mistari, hugusi programu, na hata dada yako asiyejua kodingi anaweza kukusaidia kutunga, na wallahi waliokulia vijijini watakutungia mazuri kuliko mimi na wewe.

Ukuaji uko wazi: yai, kifaranga, kisha tembe au pora, mwisho mtetea au jogoo. Yai la kwanza kabisa liangue ndani ya dakika ya kwanza, wala usisubiri, mtu kapakua kwa bando lake anataka kuona kiumbe. Baadaye mtetea wake akilalia mayai yake mwenyewe ndo unaweza kumsubirisha, kuku wa kweli analalia siku 21, we weka saa 21, yaani kwenye kulalia saa moja ya mchezaji ni siku moja ya kuku, inaingia akilini vizuri na ni kama siku moja ya kusubiri, sio mateso.

Na hapo kwenye mayai ndo kuna uamuzi mzuri kuliko wote kwenye gemu yako, usiuharibu kwa kuuficha. Mtetea kataga, mayai yanaongezeka, sa unayauza au unamwachia alalie? Ukiuza unapata hela ya pumba, ya chanjo, ya kuziba banda linalovuja. Ukimwachia unapata vifaranga ila mama yao hatagi tena mpaka awakuze, na vifaranga wana mwewe. Kila mtu aliyewahi kuishi na bibi mwenye kuku anaujua huo mjadala. Hakuna jibu sahihi na ndo raha yake, usiweke namba inayomwonyesha mchezaji kipi kina faida zaidi, na ukiona kwenye majaribio watu wote wanachagua upande mmoja, rekebisha bei.

Utaulizwa batani ya kuchinja. Naomba nikuandae kisaikolojia, wiki ya kwanza tu kuna mtu ataandika "mgeni kaja kuku haliwi?" na nyota moja. Usiiweke. Cheka naye, mjibu vizuri, hata ukipenda tunga tukio la mgeni kufika kuku akajificha siku nzima mvunguni. Ila mnyama ambaye mchezaji kampa jina haliwi kwenye gemu hii, maana siku ukiiweka hiyo batani kila kitu kingine kinageuka hesabu ya kilo.

Namba za mnyama weka tatu tu: shibe, usafi wa banda, mazoea. Shibe ishuke polepole, kutoka kujaa mpaka chini ichukue kama saa kumi na nne hivi, anayelala usiku mzima asiamke kukuta msiba, na isishuke chini ya kiwango fulani kwa sababu kuku anajichakulia mwenyewe huko nje. Chakula unachompa wewe ni nyongeza, kinamfanya atage vizuri na kinaongeza mazoea. Mazoea ndo moyo wa gemu na usiyaonyeshe kwa mstari wala asilimia, yaonyeshe kwa kidole. Siku ya kwanza mchezaji akigusa skrini kifaranga anakimbia kidole. Siku ya pili anasimama mbali anatazama. Baada ya wiki anakifuata kidole popote kinapoenda. Hiyo ni mistari michache tu ya programu, umbali na mwendo basi, lakini ndo kitu ambacho mtu atamwonyesha mwenzie kwenye daladala.

Sasa afe asife. Asife kwa kusahauliwa, hata siku moja. Fanya kile anachofanya kuku wa kweli asiyeangaliwa, anahamia kwa jirani. Mchezaji akipotea siku tatu, akirudi anakuta banda tupu, anaenda kwa jirani anamkuta kuku wake anachakura kule na pengine kashataga huko, anaongea na mama jirani, anamchukua, mazoea yameshuka kidogo tu. Mtu aliyekuwa anarudi akijisikia ana hatia anajikuta anacheka. Mwewe naye aje pale tu gemu iko wazi, kivuli kinapita ardhini, una sekunde chache za kugonga skrini kumfukuza, ukichelewa kifaranga mmoja kaondoka. Hiyo ni hasara ya haki kwa sababu ulikuwepo. Ugonjwa wa mdondo weka pia, ila usiue, kuku ambaye hajachanjwa anasinzia na hatagi kwa siku kadhaa mpaka apone. Chanjo yenyewe kwa kuku wa kienyeji ni tone la jichoni kila baada ya miezi mitatu hivi, na kudondosha tone kwenye jicho la kuku anayetikisa kichwa ni kijigemu tosha kabisa, tena kinamfundisha mtu kitu cha kweli bila mahubiri. Kuku akizeeka anakuwa bibi wa banda, hatagi, anakaa tu juani na wadogo wanamfuata.

Haya, ufundi. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoua gemu nyingi za aina hii.

Kila mchezaji anapotoka sevu muda wa kutoka, ule wa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, kwenye Godot ni `Time.get_unix_time_from_system()`. Akirudi unatoa muda wa sasa kasoro ule wa zamani, unapata kapotea muda gani. Inaonekana rahisi, subiri sasa. Kuna simu zikiishiwa chaji kabisa au betri ikitolewa zinarudi na tarehe ya ajabu ya miaka ya nyuma. Mchezaji anafungua gemu, jibu lako linakuwa hasi, programu inachanganyikiwa. Au mbaya zaidi, inasevu ile tarehe ya zamani, kesho yake simu imejirekebisha, sasa unaona mchezaji kapotea miaka kumi na kuku wake kahamia kwa jirani, kazeeka na kapata wajukuu. Kwa hiyo jibu likiwa hasi lihesabu kama sifuri na usevu muda wa sasa upya, na likiwa kubwa lipunguze, chochote kinachozidi siku tatu kiwe siku tatu. Wengine watakushauri uhifadhi muda mkubwa kuliko wote uliowahi kuonekana ili kuzuia wanaopeleka saa mbele kuiba mayai. Usifanye, akipeleka mpaka 2030 akarudisha, kuku wako anaganda mpaka 2030. Anayeiba mayai ya kuku wake mwenyewe mwache aibe, hushindani na mtu, hakuna ligi hapa. Ungekuwa na orodha ya washindi mtandaoni hapo ningekuambia utafute saa ya seva, lakini huna na usiwe nayo.

Ukishajua kapotea saa ngapi, usizungushe programu sekunde kwa sekunde, siku tatu ni sekunde 259,200 na simu dhaifu itakwama pale kwenye nembo. Zungusha kwa saa, siku tatu ni hatua 72 tu, kila hatua unapunguza shibe, unaangalia usiku au mchana, unachagua tukio. Na kazi hiyohiyo ya "saa moja imepita" iitumike pia wakati gemu iko wazi, usiandike mbili, maana zitaanza kutofautiana na utakesha unatafuta kwa nini kuku wa mtu aliyefunga simu anataga zaidi ya kuku wa aliyeacha wazi. Na ile mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ambayo programu inaanzia kuchagua matukio, isevu kabla hajatoka, la sivyo mjanja atakuwa anafunga na kufungua mpaka apate tukio zuri.

Kusevu kwenyewe, usisubiri batani ya kutoka. Android ikiona RAM imejaa inaua programu iliyo nyuma bila hodi. Sevu kila jambo la maana linapotokea na sevu tena programu inapopelekwa nyuma, Godot inakupa taarifa ya hilo. Andika kwenye faili la muda kwanza, likikamilika ndo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani, maana simu ikizima katikati ya kuandika umempoteza kuku wa mtu wa miezi mitatu na hapo hakuna samahani itakayotosha. Ndani ya faili weka namba ya toleo kuanzia siku ya kwanza, hata kama ni 1 tu, siku ukibadilisha mpangilio utanishukuru.

Godot baki nayo, ni bure kwa leseni ya MIT, haidai asilimia. Septemba 2023 Unity, wenye programu nyingine ya kutengenezea gemu, walitangaza ada ya kila gemu inaposakinishwa, watu wakachachamaa, wakaifuta mwaka uliofuata, lakini wengi walishahama. Kwa gemu yako ya 2D chagua ile njia ya uchoraji inayoitwa Compatibility, ndo inayokubali kwenye simu za chini, na funga fremu 30 kwa sekunde, kuku hahitaji 60 na betri ya mtu ni ya mtu. Jaribu kwenye simu ya RAM 2, zile Tecno na itel ambazo kila nyumba ipo moja, sio kwenye simu yako nzuri. Ukubwa wa kupakua jitahidi usivuke MB 50 na gemu yenyewe ichezeke hata bila intaneti.

Picha, mambo machache ila yachorwe vizuri. Kutembea, kuchakura, kulala, kukimbia, kutaga, kujikung'uta vumbi, vinatosha, fremu nne mpaka sita kila kimoja. Kitu kimoja kitakachomfanya awe kuku wa kweli ni kichwa: kuku mwili ukiyumba kichwa kinabaki palepale hewani halafu kinaruka mbele ghafla. Kichore kichwa kama kipande cha peke yake, utaona mwenyewe kazi imekuwa rahisi. Kuchora tumia LibreSprite au Krita, zote bure. Vitu vya pembeni kama miti, uzio na batani chukua kwenye mkusanyiko wa Kenney, leseni yake ni CC0, unatumia hata kibiashara bila kuomba. Ila sauti za kuku usizitafute mtandaoni, nenda na simu yako alfajiri karekodi, jogoo akiwika, mtetea anapotetea baada ya kutaga, vifaranga wakiita mama. Safisha kwa Audacity.

Huyo jogoo uliyemrekodi ndo kengele yako pia. Kuanzia Android 13 lazima umwombe mtu ruhusa ya kumtumia arifa, na ukiomba sekunde ya kwanza anakataa, kila mtu anakataa. Subiri usiku wa kwanza kuku anapoingia bandani, umuulize kama anataka aamshwe na jogoo na saa ngapi. Arifa moja kwa siku, saa aliyochagua yeye, basi. Kwenye Godot utahitaji programu-jalizi kwa hilo, haiji nayo.

Hela sasa, na hapa sitakudanganya. Akaunti ya Google Play ni dola 25 unalipa mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka, iache kwanza. Akaunti binafsi mpya ya Google inakutaka uwe na watu 12 wanaojaribu gemu kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuitoa kwa umma, wengi wanalalamika lakini kwako ni zawadi, gemu yako yote ni habari ya kurudi kesho yake, wiki mbili ni kipimo hasa unachokihitaji. Tafuta ndugu na washkaji, usiwaelekeze kitu, siku ya nne waulize "kuku wako jana alienda wapi?" Akiwa na stori ya kukupa, umepatia. Akikujibu "yupo tu", rudi kwenye jedwali la matukio.

Watu wetu wengi hawana kadi za kununulia vitu ndani ya gemu kwa hiyo mwanzo utategemea matangazo, na tangazo likitazamwa Morogoro linalipa kidogo sana ukilinganisha na likitazamwa Marekani. AdMob, ile huduma ya matangazo ya Google, wanalipa ukifikisha dola 100, na ukifika dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani, kwa hiyo andika sanduku la posta ambalo mtu analifungua kweli, sio la shule uliyomaliza. Tangazo liwe la hiari, mchezaji mwenyewe anachagua kulitazama ili apate, tuseme, gunia la pumba. Usimrushie tangazo wakati kuku anarudi jioni, ile ndo dakika yenyewe, ukiiuza hiyo huna gemu tena.

Na kwa kuwa watoto watacheza, soma sera ya familia ya Google Play kabla hujaweka tangazo lolote, ukitaja watoto kwenye walengwa wako matangazo lazima yatoke kwenye mitandao waliyoikubali na yasimfuatilie mtoto. Usikusanye jina, namba wala mahali, gemu isiyokusanya kitu haina cha kuvuja. Mayai ya bahati nasibu yanayouzwa kwa hela achana nayo, Google wanakutaka utangaze uwezekano wa kupata kila kitu, na mimi binafsi sipendi kumchezesha mtoto kamari kwa kutumia kifaranga.

Kama unataka hela inayoonekana mapema, toa pia toleo la kompyuta kwenye itch.io, soko la gemu la mtandaoni, unajiwekea bei mwenyewe na hata asilimia wanayochukua wao unaichagua wewe. Watu wa nje wanapenda vitu vidogo vyenye mahali pake, na kuku wa uani Morogoro ana mahali pake. Weka Kiswahili kiwe lugha ya kwanza na Kiingereza pembeni, na kwa kuwa stori zinaonekana kwenye mwili wa kuku hutakuwa na maneno mengi ya kutafsiri.

Kesho ukifungua laptopi usichore kitu. Weka kisanduku cha njano kwenye skrini, kiite kuku, andika ile kazi ya "saa moja imepita", andika kusevu, andika matukio kumi yakiwa maneno matupu kwenye jedwali, weka kwenye simu yako, uishi nacho wiki moja. Ukijikuta jioni unafungua simu kuangalia kisanduku kimerudi na nini, anza kuchora. Usipofungua, badilisha matukio kwanza. Na lile jedwali nitumie nilione hata likiwa na makosa, gemu yenyewe itasubiri.